Anarudi Alikotoka

Kama bakuli la plasta lisingemponyoka asubuhi ile, Meno asingekwenda dirishani, na raha yake ya miezi minane ingebaki mahali pake.

Alikuwa ameingia kazini muda si mrefu. Baiskeli ameshaifunga chini ya ngazi, blauzi ya njiani iliyolowa mgongoni ameshaivua na kuvaa kavu, na sasa alikuwa ghorofa ya pili, katika chumba chembamba walimokaa mafundi wawili wa meno ya bandia. Jina la Meno alilipata kwa kazi hiyo. Alikuwa akikoroga plasta ya kumimina kwenye umbo la taya la bibi mmoja ambaye kwa wiki tatu alikuwa hali ila vitu laini, bakuli likateleza, plasta ikamrukia hadi kwenye kiwiko. Akajifuta kwa kitambaa, akafungua dirisha akikung'ute.

Ndipo alipomwona Mizani.

Dakika chache tu zilizopita walikuwa wameagana pale getini. Mizani alikuwa amesema, kama anavyosema kila siku, "Haya, Meno, nakimbilia karakanani. Kuna mizani ya bucha inanisubiri." Karakana yao ya kutengeneza mizani ilikuwa mitaa miwili mbele, mkono wa kulia. Sasa hivi Mizani alikuwa akipita chini ya dirisha akielekea kushoto, anarudi alikotoka. Na hakuwa akiendesha polepole kama wanavyoendesha wakiwa pamoja. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, kifua juu ya usukani, anakanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Lori likampigia honi. Hakugeuka hata shingo.

"Labda kasahau kitu," Meno alijisemea kwa sauti.

"Nani kasahau nini?" aliuliza fundi mwenzake bila kuinua macho kwenye nta aliyokuwa akiichonga.

"Hakuna."

Lakini siku nzima akili yake ilikuwa barabarani. Alipanga meno ya juu ya yule bibi, yakakaa upande. Akayang'oa, akapanga tena.

Alikutana na Mizani kwa sababu ya pancha. Meno alikuwa amekwama kwenye njia panda, tairi la nyuma limekaa chini, sketi imepakwa grisi ya mnyororo, na dakika za kufika kazini zinayoyoma. Mwanamume mmoja mrefu, mwenye mwanya mkubwa wa meno ya mbele, akasimamisha baiskeli yake, akatoa kiraka na gundi kwenye kikebe, hakusema neno mpaka tyubu ilipojaa upepo. Kisha akasema, "Mimi naelekea huko huko. Ikitoka tena nitakuwa nyuma yako." Haikutoka tena, lakini kesho yake alikuwepo pale njia panda, na kesho kutwa.

Tangu hapo kila asubuhi ya kazi walikwenda pamoja, na jioni wakarudi pamoja hadi njia panda. Mizani alijua kila shimo la barabara ile na alikuwa akimtajia kabla hawajalifikia. Upepo ukivuma kwa mbele, Mizani alitangulia ili umpige yeye. Mvua ikinyesha walijibanza chini ya paa la kituo cha mafuta, mabega yakigusana, kila mmoja akitazama mbele kama mtu asiyeona kitu. Mizani alimsimulia mambo ya mizani za wafanyabiashara, mwenye duka aliyebandika sumaku chini ya sahani, mwenye machungwa aliyelia mizani yake ilipoanza kusema kweli. Meno alikuwa akicheka mpaka usukani unayumba.

Ila tangu miezi mitatu nyuma, jioni Mizani hakuonekana tena. "Kazi zimekuwa nyingi," alisema. "Natoka nimechelewa." Meno aliamini. Asubuhi ile, akiwa dirishani na kitambaa mkononi, alianza kuiuliza nafsi yake kwa nini aliamini upesi hivyo.

Kesho yake, njia panda, Mizani alikuwepo kama kawaida, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedali. Tabasamu lile lile, mwanya ule ule.

"Umeamka vizuri?"

"Salama," alijibu Meno, akampita bila kusimama.

Mizani alimfuata, akamfikia, wakaenda sambamba.

"Leo una haraka."

"Sina. Habari za karakana?"

"Karakana nzuri."

"Jana mlifanya nini?"

"Ile mizani ya bucha. Springi yake ilikuwa imekata tamaa kabisa." Alicheka. Meno hakucheka. "Halafu akaja mama mmoja na mizani ya watoto, ile ya kliniki, ya kuning'iniza."

"Asubuhi?"

"Eh?"

"Alikuja asubuhi?"

Lori lilikuja nyuma yao, ikabidi wafuatane mmoja mmoja. Lilipopita na vumbi lake kutulia, Mizani alisema, "Asubuhi, ndiyo. Mapema."

"Ulipofika tu?"

"Nilipofika tu. Meno, shimo hilo, shika kulia."

Alishika kulia. Alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho. Mashati ya Mizani siku hizi yalikuwa yamepauka mabegani kwa jua na kwa kufuliwa mno. Mashavu yamebonyea. Tairi lake la mbele, jipya la mwaka huu, limeshakuwa laini kama kisigino cha kiatu cha zamani. Tairi gani linaisha hivyo kwa kwenda kazini na kurudi?

"Mizani, jana ulisahau kitu nyumbani?"

"Mimi? Hapana. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Getini alimpungia mkono. "Nakimbilia karakanani," alisema.

Meno alipanda ngazi mbili mbili, hakubadilisha hata blauzi, akaenda moja kwa moja dirishani. Hakusubiri sana. Mizani huyoo, anarudi alikotoka, kichwa chini, miguu haionekani kwa kasi.

Mchana, watu walipokwenda kula, alikwenda kwa miguu hadi mitaa miwili mbele, mkono wa kulia. Mahali palipokuwa na karakana ya mizani palikuwa na magodoro. Yamepangwa hadi dari, mengine yameegemezwa nje, na mwanamke mnene ameketi juu ya moja anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Karibu, karibu. Futi ngapi?"

"Samahani, naulizia mafundi mizani."

"Ah, wale. Wamehama, mama. Huu mwezi wa nne unaingia."

"Wamehamia wapi?"

"Upande wa juu huko, mbali. Sijui mtaa. Hata mimi watu wananisumbua, wananiletea mizani." Akamtazama vizuri. "Wamekula kitu chako?"

"Hapana," alisema Meno. "Bado."

Jioni dada yake mkubwa alikuwa akikunja nguo kitandani. Walikaa wawili tangu wazazi wao wafariki, na dada huyu alikuwa amemlea, amemsomesha, na pia amemwokoa mara moja. Mchumba wa kwanza wa Meno, mtu wa maneno matamu na suruali zilizonyooshwa, alikuwa ameshapanga hadi siku ya harusi. Dada ndiye aliyegundua kwamba ana mke na watoto wawili ng'ambo ya mji. Tangu hapo nyumba yao ilikuwa haipokei mwanamume kwa neno lake peke yake.

Meno alimweleza kila kitu. Dada alisikiliza akiwa ameshika shuka, hakulikunja wala hakuliweka chini.

"Kwao ni wapi?"

"Upande wa juu. Mahali hasa sijui."

"Ana mama? Ana ndugu?"

"Ana mama. Nimesikia tu."

"Umesikia." Dada aliliweka shuka. "Miezi minane unatembea na mtu, unamjua kuanzia njia panda hadi getini. Kabla ya njia panda humjui. Baada ya geti humjui. Unamjua vipande, mdogo wangu."

"Amekuwa akiomba kuja kukusalimia. Mimi ndiye niliyekataa."

"Kwa nini ulikataa?"

Meno aliinamisha kichwa. "Niliogopa utamwuliza maswali."

"Na ningemwuliza! Mtu anakuja mpaka huku asubuhi, anakuacha, anarudi mbio alikotoka. Kuna mtu anayemsubiri. Kuna mtu anayehesabu dakika zake. Na mtu wa namna hiyo ana jina moja tu."

"Usiseme."

"Sisemi. Mfuate. Yule wa kwanza nilimfuata kwa miguu na viatu vilinibana. Wewe una baiskeli."

Siku ya tatu Meno aliomba ruhusa ya nusu siku. Walipofika getini aliagana na Mizani kama kawaida, akaingia, akajificha nyuma ya ukuta, akahesabu hadi ishirini, akatoka.

Hakujua mwanamume yule ana mbio kiasi gani. Miezi minane alikuwa akimwona akienda kwa mwendo wake yeye, kumbe alikuwa akijizuia. Mgongo wa shati lile la buluu ulikuwa tayari mbali, unaingia na kutoka kati ya magari. Meno alikanyaga. Pumzi ilimkata walipofika kituo cha mafuta. Mbwa wa gereji alimkimbiza, sketi ikanasa kwenye breki, akaivuta ikachanika, hakusimama. Njia panda yao aliipita bila kuitazama. Kuanzia hapo ilikuwa barabara ngeni kwake, nayo ilipanda. Ikapanda. Ikapumzika kidogo, ikapanda tena. Mahali fulani alishuka akaikokota baiskeli, kama alivyofanya Mizani kule mbele, machozi na jasho haviachani, akisema peke yake, "Subiri tu. Subiri nikuone na huyo mkeo."

Juu kabisa barabara ikawa tambarare, nyumba zikawa ndogo ndogo zenye vibaraza. Alimwona Mizani ameshashuka. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha, akatoka mwanamke mwembamba mwenye gauni la maua, na mkononi ameshika shati safi na kikombe cha maji. Alikuwa amempa mgongo Meno. Alimfuta Mizani uso kwa upindo wa kitambaa, akamvua shati lililolowa, akamvisha jingine, akamfunga kifungo cha juu. Mizani alikunywa maji kwa mkupuo mmoja, akasema neno, mwanamke akampiga kofi dogo la bega. Kisha Mizani akavuka barabara mbio akapotea nyuma ya magari yaliyoegeshwa.

Basi. Meno alijifuta uso kwa mkono. Si yule wa kwanza peke yake, basi. Ni yeye mwenyewe ndiye mwenye bahati ya namna hii.

Angeweza kugeuza baiskeli. Badala yake aliikokota hadi kibarazani.

"Samahani, dada," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Mwanamke aligeuka. Nywele zilikuwa zimeota mvi kwenye paji. Alifumbua mdomo kujibu, na Meno akaona mwanya. Ule ule, katikati ya meno ya mbele, na pembeni yake chonge moja iliyogeuka kidogo kuelekea ndani. Kazi yake ilikuwa kutazama vinywa vya watu. Kinywa kile alikuwa akikitazama kila asubuhi kwa miezi minane.

"Shikamoo, mama," alisema upesi.

"Marahaba. Sasa hivi nilikuwa dada."

"Nimepotea njia kidogo."

"Mtu aliyepotea njia hanitazami mdomoni." Mama alimkagua kuanzia sketi iliyochanika hadi grisi ya kifundoni, akamaliza kwenye baiskeli. Uso ukabadilika. "Ahaa. Ni wewe."

"Mimi nani?"

"Unayemwamsha mwanangu saa kumi na moja alfajiri. Una mume?"

"Mimi?"

"Nimeuliza swali dogo. Una mume?"

"Sina mume, mama!"

"Usinidanganye kwenye kibaraza changu. Mwanamume anayetoka jua halijachomoza, akarudi ametoka jasho na hataki kusema alikuwa wapi, huyo anakwenda kwa mke wa mtu. Nimemwuliza kwa upole, nimemwuliza kwa ukali. Anasema, 'Mama, nanyoosha miguu.' Miguu gani inanyooshwa miezi mitatu?"

"Anakwenda kazini," alisema Meno, na aliposema hivyo akajisikia mjinga.

"Kazini!" Mama alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Kazini kwake ni pale."

Meno aligeuka. Nyuma ya magari yaliyoegeshwa palikuwa na karakana, milango yake miwili imefunguliwa, na kibao kipya chenye picha ya mizani. Kutoka kibarazani hadi pale hapakuwa na hatua hamsini.

"Tangu wahamie hapa," alisema mama, "angeweza kwenda na sandali. Angeweza kurudi kunywa chai katikati ya kazi. Mimi nilishukuru Mungu, nikasema sasa mwanangu atapumzika. Ndiyo kwanza akaanza wazimu."

Meno aliketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. Kutoka hapa hadi getini kwake kilomita kumi na moja. Kurudi, kumi na moja nyingine. Mlima ule. Kila asubuhi. Tairi, mashavu, jioni zilizopotea, vyote vilijipanga mbele yake, na hakujua acheke au apige kelele.

Kelele zilipigwa na mtu mwingine. "Saa mbili na robo!" ilivuma sauti nzito kutoka karakanani. "Wenye mizani wao wamekuja saa moja na nusu, wakakuta wewe hupo, wamekwenda kwa watu wengine! Unafidia jioni, jioni nani analeta mizani? Sikiliza. Kesho ukichelewa hata dakika moja, usije kabisa. Nimemaliza."

Mizani alitoka nje na uso umemshuka. Akainua macho. Akamwona Meno kwenye ngazi ya mama yake.

Alivuka barabara kama mtu anayetembea juu ya mayai.

"Umenifuata?"

"Nimekufuata."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka getini."

"Mpaka huku? Na ule mlima?"

"Usiniulize mlima!" Meno alisimama. "Miezi mitatu, Mizani. Miezi mitatu unaniambia nakimbilia karakanani. Mizani ya bucha. Mizani ya kliniki. Nimekwenda kwenye hiyo karakana nimekuta magodoro!"

"Bucha ni kweli. Kliniki ni kweli. Kazi ni ile ile, ila mahali tu ndipo..."

"Usinipimie ukweli kwa gramu."

Mama alifumbua mdomo, akaufumba, akaingia ndani. Lakini mlango aliuacha wazi kidogo.

"Ningekwambia tumehamia hapa," alisema Mizani polepole, "ungesemaje?"

"Ningesema hongera."

"Hongera. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ningekuona wapi? Kwenu sijui hata rangi ya mlango. Jioni ulikuwa ukiniacha njia panda, ukisubiri nigeuke ndipo uendelee, nisije nikajua unakata kona gani. Nimekuomba mara tatu nije nimsalimie dada yako. Mara tatu umesema bado. Ulinipa barabara, Meno. Hukunipa kitu kingine. Nikaona nikiipoteza na hiyo, basi."

Meno alikuwa amekuja na hasira iliyokamilika, sasa ilikuwa imemegwa upande.

"Ungeniuliza," alisema.

"Niliogopa kuuliza."

"Nisikilize. Mimi nilishadanganywa na mtu aliyenidanganya kwa uzuri kama wewe. Kila siku, bila kukosea. Sasa niambie. Mtu anayeweza kusema uongo miezi mitatu kwa sababu ananipenda, siku akiwa na sababu nyingine, nitamjuaje?"

Alitarajia aape. Yule wa kwanza alikuwa bingwa wa kuapa. Mizani alijikuna shingo, akatazama chini, akamtazama tena.

"Sijui," alisema. "Sijui ungenijuaje."

Bosi aliita kutoka ng'ambo. Meno alishika usukani wa baiskeli yake.

"Kesho usije njia panda."

"Meno..."

"Ukija, nitapita barabara ya nyuma. Utakosa kazi na mimi hutanikuta."

Akapanda, akaondoka. Mteremko ulimchukua wenyewe, upepo ukimkausha machozi kabla hayajafika mashavuni.

Jioni ile dada alisikiliza hadithi yote amekaa mkao mmoja.

"Kilomita ngapi, ulisema?"

"Ishirini na mbili. Kwenda na kurudi."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Mh!" Dada alitikisa kichwa. "Mwongo huyo ana mapafu." Kisha uso ukarudi kuwa mkali. "Lakini ni mwongo. Hilo lisikupotee." Na baada ya kitambo, akiwa ameshafika mlangoni, "Na wewe pia. Kumbe umemficha nyumba yangu kama mzigo wa magendo. Umeniaibisha."

Asubuhi Meno alipita njia panda. Alikuwa amesema barabara ya nyuma, lakini baiskeli ilikwenda ilikozoea. Hapakuwa na mtu. Alisimama, akashuka, akajifanya anakaza mnyororo ambao haukulegea. Dakika tano. Amenisikia, alijiambia, vizuri, kazi yake imepona. Kisha shaka ikamwingia kwa mlango mwingine: mbona amenisikia upesi hivi? Mtu aliyepanda mlima ule miezi mitatu, leo kwa neno moja tu amelala? Au alichoka zamani, alikuwa akitafuta wa kumwambia basi?

Alikwenda peke yake. Upepo ulikuwa wa mbele na hapakuwa na mgongo wa kuukinga. Aliingia kwenye shimo ambalo kila siku alikuwa akitajiwa, akang'ata ulimi. Kazini alimaliza meno ya yule bibi. Bibi alipokuja kuyajaribu, yalikaa sawasawa, akacheka na kulia kwa pamoja mbele ya kioo. Meno aliingia stoo akakaa kidogo juu ya mfuko wa plasta.

Saa kumi na moja na nusu alitoa baiskeli chini ya ngazi, akatoka pamoja na wenzake wa zamu.

Mizani alikuwa amesimama nje ya geti. Baiskeli ameiegemeza ukutani, shati limelowa mgongoni, pumzi bado haijamkaa vizuri. Wenzake Meno walipunguza mwendo wote kwa pamoja, kila mmoja akapata jambo la kufanya kwenye mkoba wake.

"Nilikwambia usije," alisema Meno.

"Uliniambia nisije njia panda. Tena asubuhi." Hakutabasamu. "Leo nimefungua karakana mimi mwenyewe, saa moja na nusu. Saa kumi na nusu mzee akaniruhusu, akasema nenda, hata sitaki kujua unakwenda wapi. Asubuhi ni yake. Jioni ni yangu, hanidai mtu. Nimekuja kukwambia ukweli niliobaki nao. Tairi la mbele limekwisha, sina jingine. Na mama anajua niko hapa."

"Mama yako anajua?"

"Nimemwambia kila kitu."

Meno alimtazama kwa muda mrefu, macho yake yakipita usoni pale kama anavyokagua kazi kabla haijatoka mikononi mwake. Alikuwa anataka kuamini, na kutaka huko ndiko kulikomtisha.

"Mpigie," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nisikie mwenyewe."

Mizani alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akampa bila hata kuiweka sikioni mwake. Iliita mara moja tu.

"Umefika?" ilisema sauti ya mama. "Yupo? Amekasirika bado?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Ni yule wa sketi."

"Ndiye."

"Mwanangu amenieleza. Nimemgombeza, usidhani nimemwachia. Sasa na wewe nikuulize, maana jana ulinijibu huna mume, hukunijibu jingine. Yeye nimeshajua anakupenda, miguu yake imenionyesha. Wewe je? Unampenda, au unapenda kusindikizwa?"

Meno alimwona Mizani akitazama pembeni, akijifanya hasikii, vidole vyake vikizungusha kengele ya baiskeli bila kuipiga. Wenzake hawakuwa na aibu tena. Walikuwa wamesimama kabisa. Miezi minane, neno hilo alikuwa hajalitoa kinywani hata siku moja, hata kwa mzaha, hata chini ya paa la kituo cha mafuta mvua ikiwa inawafunika.

"Nampenda, mama."

Kengele ililia yenyewe mkononi mwa Mizani.

"Haya," ilisema sauti, taratibu kidogo sasa. "Basi mwambie akufikishe leo hadi mlangoni, amsalimie huyo dada yako. Na akiulizwa maswali, ajibu yote."